Blogger, WordPress au GitHub Pages? Zana za mwalimu wa TEHAMA, tulinganishe

ChakiNaKodi (mwanzisha uzi)

Habari zenu walimu. Nafundisha TEHAMA na kazi za darasa langu huwa naziweka kwenye blogu: maelezo ya masomo, picha za miradi, maandishi ya wanafunzi wenyewe. Kwa kuwa swali la "unatumia nini" haliishi, naweka majibu yangu hapa. Mwenye hoja tofauti anipinge.

Blogger ndiyo nyepesi kuanza nayo. Ipo tangu 1999, Google wakainunua 2003, na ukishakuwa na akaunti ya Google unafungua blogu ndani ya kipindi kimoja na chapisho la kwanza juu. Matangazo hayatokei mpaka uyaweke mwenyewe, na domeni yako (jina la tovuti ulilolinunua mwenyewe) unaiunganisha bila kuwalipa Google. Kinachonikera ni kwamba mambo mapya huja kwa nadra sana.

WordPress watu huichanganya kwa sababu iko kwa sura mbili. WordPress.com ni huduma: unajisajili, seva wanatunza wao, ila kwenye mpango wa bure wanaweka matangazo yao na huwezi kuongeza programu-jalizi, yaani vipande vya ziada vya kuipa tovuti uwezo mpya. WordPress.org ndiko unakopakua programu yenyewe, ambayo ni huria, ukaiweka kwenye seva yako. Hapo una uhuru wote, pamoja na jukumu la kusasisha. Programu-jalizi iliyoachwa bila kusasishwa ni mlango ambao wadukuzi wanaupenda mno, kwa hiyo mwalimu asiye na fundi wa kumshika mkono sishauri aanzie huko.

GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti hewani kutoka GitHub, mtandao wa kutunzia kodi na mafaili ya miradi, ndiyo ninayoipenda kwa wanafunzi wakubwa. Unaandika kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida: alama ya # mwanzoni mwa mstari inatengeneza kichwa cha habari, nyota mbili kila upande zinakoleza neno. Programu ya Jekyll inayageuza kuwa kurasa. WordPress nayo hutunza matoleo ya nyuma ya chapisho, lakini huku kila badiliko linahifadhiwa pamoja na ujumbe mfupi wa kueleza limefanywa kwa nini. Ninapomwona mwanafunzi ameandika "nimeondoa aya ya pili, ilikuwa inarudia ya kwanza", najua amejifunza kuhariri. Alama ya mtihani hainipi habari hiyo.

Kigezo changu kikuu kwa huduma yoyote: siku ikifungwa, kazi zetu tutazitoaje? GeoCities ilifungwa 2009, Posterous na Google Reader 2013, Wikispaces ambayo walimu wengi waliitegemea ikafuata 2018, na Jamboard ya Google ikaisha na mwaka 2024. Blogger na WordPress zote zinakupa faili la XML, yaani faili moja la maandishi lenye machapisho yako. GitHub, ukiwa unaandikia kwenye kompyuta yako, nakala tayari unayo hapo.

MamaDarasa

Asante kwa uzi mzuri, mwalimu. Hapo kwenye XML watu wawe makini. Faili la WordPress linabeba maandishi na maoni. Picha zinabaki kama viungo tu. Tovuti ya zamani ikizimwa, viungo vinakufa na picha zinapotea. Kwenye WordPress.com kuna sehemu nyingine ya kupakua maktaba ya picha, nayo ibonyezwe siku hiyo hiyo.

La pili ni umri. Mimi nafundisha wadogo, na GitHub hawaruhusu akaunti kwa aliye chini ya miaka 13. Kwenye akaunti ya bure, Pages inataka hifadhi (folda ya mradi wako huko GitHub) iwe wazi kwa dunia nzima, kwa hiyo hata jina kamili ambalo mtoto ameliandika kwenye faili linaonekana. Kwa watoto wangu natumia Edublogs, iliyoanza 2005 na imejengwa juu ya WordPress. Chapisho la mtoto linasubiri hadi niliidhinishe. Jina la kwanza tu, hakuna sura ya mtoto, hakuna jina la shule. Hayo kwangu hayana mjadala, hata mzazi akiniambia hana shida.

ChakiNaKodi

Uko sahihi kabisa, dada. Kwa chini ya miaka 13 chukueni ushauri wa MamaDarasa, wangu uwekeni pembeni.

WayaNaBetri

Wakuu, mbona vifaa mmeviruka? Nimevitumia sana micro:bit na Raspberry Pi, na swali la kipi bora huwa linaulizwa vibaya, maana havifanyi kazi moja.

Raspberry Pi, iliyotoka 2012, ni kompyuta kamili. Inataka skrini, kibodi, na kadi ya SD yenye mfumo wake. Mwanafunzi akichomoa waya wa umeme kabla ya kuizima vizuri, kadi inaweza kuharibika na somo likaishia hapo. Kwa darasa zima la wanaoanza ni mzigo.

micro:bit ni kibao kidogo chenye taa 25, vitufe viwili na kihisi cha mwendo. Toleo la 2020 likaongezewa spika na maikrofoni. Betri mbili za AAA zinatosha. Unaandika programu kwenye MakeCode ndani ya kivinjari, unaijaribu kwenye kifaa cha kuigiza pale pale, kisha unainakili kwa USB kama unavyoweka faili kwenye flashi. Maana yake vifaa vichache vinatosha darasa kubwa.

Somo ninalolipenda ni la kuhesabu hatua. Wanafunzi wanakifunga kwenye kiatu na kusoma nguvu ya mwendo. Kikiwa kimetulia mezani kinasoma karibu 1000, wanashangaa: mbona hakisomi sifuri? Hapo fizikia inaingia yenyewe, kwa sababu kihisi kinahisi mvutano wa dunia hata kikiwa kimetulia. Halafu wanabishana kiwango cha kuhesabu hatua kiwekwe wapi. Kikiwa chini, kila mtikisiko unahesabiwa. Kikiwa juu, anayetembea polepole anaonekana amesimama.

NjeYaMtandao

Mnaongea kana kwamba mtandao upo muda wote. Kwetu wa mtandao wa kusuasua, Raspberry Pi ndiyo mkombozi, lakini kama seva ya darasa. Unaweka Kiwix, ambayo inabeba Wikipedia nzima kwenye faili la ZIM, na Kolibri ya Learning Equality kwa masomo na mazoezi. Wanafunzi wanaunganisha simu au kompyuta kwenye Wi-Fi ya Pi yenyewe na wanasoma bila intaneti. Scratch, ya kufundishia watoto kuandika programu, pia ina toleo la kusakinisha. Kwa blogu, Pages inanipa wasiwasi maana kuchapisha lazima uwe hewani.

ChakiNaKodi

Kuchapisha ndiyo, mkuu, kuandika hapana. Markdown inaandikwa kwenye kihariri chochote bila mtandao. Sisi tunakusanya ya wiki nzima na kuyapandisha kwa mkupuo mmoja mtandao ukitulia. Ila tovuti isizidi GB 1, kwa hiyo video ziwekwe kwingine. Hilo la seva ya Kiwix nimelipenda, tafadhali lifungulie uzi wake ueleze hatua kwa hatua.

MwalimuMpya

Shikamooni walimu wangu. Nikimpa kila mwanafunzi blogu yake, nitazisomaje zote bila kufungua moja moja?

MamaDarasa

Marahaba. Tumia RSS, yaani anwani maalumu ya blogu inayotoa orodha ya machapisho mapya ili programu nyingine iyasome. Kwenye blogu ya Blogger, baada ya anwani andika /feeds/posts/default, kwenye WordPress andika /feed/. Anwani hizo unaziingiza kwenye Feedly au Inoreader, ambazo ni visomaji vya RSS, na kila chapisho jipya linakuja sehemu moja. Mimi nimezipanga kwa folda, kila darasa na yake. Anza na mipango ya bure, hesabu blogu ulizonazo uone kama zinaenea, maana zote mbili zina kikomo cha idadi.

MwalimuMpya

Nimejaribu ya WordPress, imekubali. Na maoni ya wasomaji, nayo yana anwani yake?

MamaDarasa

Yapo: /comments/feed/ kwa WordPress, /feeds/comments/default kwa Blogger. Yaweke kwenye folda ya peke yake na uyapitie kila siku, kwa sababu maoni ya mtu usiyemjua kwa mtoto ni lazima uyaone mapema.