Pikipiki mpya: nianze na ekzosi au filta ya hewa?

Kijana wa Gia
Wakuu, habari zenu. Nina pikipiki mpya, wiki ya tatu sasa, na nimeipenda mno. Ila mlio wake mpole kupita kiasi, naona kama injini imebanwa pumzi. Pesa niliyotenga inatosha kitu kimoja kwa sasa. Nianze na ekzosi au filta ya hewa? Muuzaji wa ekzosi anasubiri jibu langu mwisho wa wiki.

Spana Kumi
Pikipiki gani, mkuu? Petroli inaingia kwa kabureta, au kwa injeksheni inayoongozwa na kompyuta? Imetembea kilomita ngapi? Ya kazini au ya safari? Bila hayo tutabahatisha tu.

Mlio Mnene
Ekzosi kwanza. Nilifunga ya titani, pikipiki ikawa nyepesi, na kila nikiiwasha asubuhi moyo unafurahi. Filta hata huioni.

Mama Kabureta
Mwanangu, kabla hujatoa pesa nisikilize. Nilikuwa na pikipiki ya silinda moja, ya kabureta, nzima kabisa. Fundi akanishawishi tung'oe boksi lote la filta, tufunge filta ya koni moja kwa moja kwenye kabureta, pamoja na silensa iliyo wazi. Jeti, kile kitundu kinachopima petroli, hakugusa. Alisema, "Itajirekebisha yenyewe."

Kabureta haina akili ya namna hiyo. Ukiiongezea hewa na tundu la jeti likabaki lilelile, petroli inakuwa pungufu. Siku za kwanza nilidanganyika na mlio: nikiachia resi mteremkoni inapasua pa! pa! nikadhani ndiyo nguvu. Wiki ya pili ikaanza kusitasita, nikifungua resi ghafla inameza mate kwanza ndipo iende. Kisha nikapanda mlima mrefu na abiria, resi wazi muda wote. Ikagonga kama kokoto ndani ya kopo, nguvu zikaisha, ikazima. Nilipofungua plagi, kauri yake ilikuwa nyeupe kama chaki, na juu yake vipunje vidogo vinang'aa. Vipunje vile ni alumini ya pistoni.

Nilinunua pistoni, silinda ikachongwa upya, nikatembea kwa miguu miezi miwili. Boksi la filta sitoi tena. Ukubwa wake umepigiwa hesabu ili hewa iingie imetulia. Ukiling'oa, nguvu za mizunguko ya chini ndizo zinazoondoka, na hizo ndizo unazotumia kila siku.

Kijana wa Gia
Pole sana, mama. Samahani wakuu, nilisahau maelezo. Ni Yamaha MT-07, injeksheni, kilomita 640. Naendea kazini, wikiendi safari. Nataka silensa ya nyuma tu, si bomba zima.

Spana Kumi
Hapo umebadilisha swali. Chuchumaa uiangalie ekzosi yako: kuanzia kwenye silinda mbili mpaka mkiani ni kipande kimoja. Hakuna silensa ya kuchomoa. Ama ununue mfumo mzima, ama ukate bomba la pikipiki ya wiki tatu, na hilo la kukata mimi siliungi mkono. Mfumo mzima ukija bila kichujio cha gesi chafu, ukaguzi unaweza kukukwamisha. Dhamana nayo isome kwanza.

La pili ni petroli. Ukienda mwendo mmoja, sensa ya oksijeni inaisaidia kompyuta kukaa karibu na uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1. Ukifungua resi yote, kompyuta inaacha kuifuata sensa na kushika jedwali la kiwandani la kiasi cha petroli. Ekzosi na filta mpya bila kurekebisha jedwali hilo ni kuongeza kelele, si nguvu. Ningekuwa wewe ningemaliza servisi ya kilomita 1,000 kwanza.

Njia ya Vumbi
Na filta ya karatasi usiidharau. Ya pamba inafuliwa na kutumika miaka, lakini ukikosea kuipaka mafuta yake inapitisha vumbi. Niliwahi kufungua boksi nikapitisha kidole upande wa injini: kidole kikatoka na unga mwekundu. Unga huo unasaga ringi za pistoni. Nilirudisha karatasi siku hiyohiyo.

Mlio Mnene
Mnasahau usalama. Mlio unaokoa maisha. Gari lilikuwa linarudi nyuma kuelekea kwangu, dereva akanisikia, akasimama.

Dada Safari
Kwa gari la taratibu lililofungua vioo nakubali, kaka. Barabara kuu ni tofauti. Bomba linaelekea nyuma, hatari iko mbele, na dereva amefunga vioo na redio inalia. Nalinda nafasi yangu barabarani na taa zangu. Tena kuna majirani: saa kumi na moja alfajiri mtoto wa watu amelala.

Masikio yako mwenyewe je? Kwa kilomita 100 kwa saa, upepo pekee ndani ya helmeti unapita desibeli 90. Unaongezea na bomba?

Mlio Mnene
Navaa vizibo, dada. Bado mlio siuachi.

Kijana wa Gia
Nimempigia muuzaji. Anasema kompyuta haihitaji kuguswa, "itajizoesha yenyewe".

Mama Kabureta
Maneno yaleyale niliyoambiwa mimi, mwanangu.

Spana Kumi
Muulize akuonyeshe jedwali alilopima kwa ekzosi hiyohiyo kwenye MT-07. Ukinunua, funga gasketi mpya, na ufute bomba lote kwa spiriti kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Alama za vidole zikichomwa na joto hazitoki.

Kijana wa Gia
Filta naiacha kwanza. Ekzosi bado inanivuta, sitaki kuwadanganya. Dada Safari, vizibo vya povu au vya silikoni?

Dada Safari
Povu. Kiviringishe kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma, kisha kishikilie mpaka kivimbe. Vya silikoni vilikuwa vinanibana nikivaa helmeti.

Njia ya Vumbi
Mimi kinyume chake, povu linanitoka nikigeuza kichwa. Helmeti yako ina ukubwa gani?