Nyukliosomu zinateleza, mbona mistari ya jeli haivurugiki?

Mwalimu wa Wete:

Assalaam alaykum. Nasomesha biolojia kidato cha sita hapa Pemba, na nina masuala mawili kuhusu kromatini, yaani DNA pamoja na protini zinazoikunja. Wanafunzi wangu wanaelewa kwamba protini nane ziitwazo histoni, yaani mbili mbili za H2A, H2B, H3 na H4, hujikusanya pamoja, na kwamba DNA yenye jozi za besi 147 huzizunguka kwa mizunguko 1.65 hivi; fungu hilo ndilo nyukliosomu. Niliwaonyesha pia picha ya jeli, inayotenganisha vipande kwa urefu wao, ya DNA kutoka kwenye seli za ini la panya, iliyokatwa na kimeng'enya kinachokula DNA isiyofunikwa: mistari yake imesimama kwenye jozi 200, 400, 600, na kuendelea. Nilipowaambia kuwa nyukliosomu huteleza juu ya DNA, mmoja akauliza mbona basi mistari haikuvurugika ikawa ukungu mtupu. Mwengine akauliza DNA iliyoshikwa na histoni katika sehemu 14 itatelezaje bila ya kuachiwa kwanza.

Biolojia Tunguu:

Wa alaykum salaam, maalim. Huyo wa kwanza ana macho. Jeli ile haikuonyeshi nyukliosomu imekaa wapi. Inakuonyesha umbali uliopo baina ya moja na jirani yake. Kimeng'enya hukata DNA kiungo, yaani ile iliyo baina ya nyukliosomu mbili, kwa hiyo kipande chenye nyukliosomu moja huwa na jozi 200 hivi na chenye mbili huwa na 400. Safu nzima ikisogea jozi 30 huku nafasi zake zikibaki vilevile, jeli haitabadilika hata kidogo. Itazame tena picha yako: mistari ya juu, ya vipande virefu, imetanuka na kufifia kuliko ya chini, kwa sababu tofauti ndogo ndogo za umbali hujumlishana.

Ukitaka kujua mahali penyewe, kiache kimeng'enya kiendelee kula mpaka kibakishe jozi 147, kisha mfuatano wa vipande hivyo ulinganishwe na jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe. Hapo ndipo inapoonekana kwamba mwanzoni mwa jeni nyingi za hamira pana sehemu iliyo wazi, ikifuatiwa na nyukliosomu ya kwanza iliyokaa mahali pake barabara, ya pili iliyolegea kidogo, ya tatu zaidi, na ukizama ndani ya jeni mpangilio unapotea.

Fundi Histoni:

Naongezea, na nitapingana kidogo na wanaosomesha kwamba mfuatano wa DNA ndio unaoamua kila kitu. Unachangia, hilo halina ubishi. DNA lazima ipindwe sana, na besi AA, TT au TA zikijirudia kila baada ya jozi 10 hivi, pale mfereji mdogo wa DNA unapozielekea histoni, kupinda kunakuwa rahisi. Mfululizo mrefu wa A tupu ni mkakamavu na nyukliosomu huukwepa. Lakini mfuatano wa DNA uitwao 601, unaotumika katika maabara nyingi kwa namna unavyozishika histoni kwa nguvu, watafiti Lowary na Widom waliuteua mwaka 1998 kutoka kwenye DNA iliyotengenezwa kwa nasibu; haukutoka katika kiumbe chochote. Na mwaka 2011, watafiti walipochanganya DNA ya hamira na histoni peke yake, mpangilio wa mwanzoni mwa jeni haukurudi sawasawa mpaka walipotia majimaji ya seli pamoja na ATP, yaani molekuli inayobeba nishati ya seli. Kwangu mimi hilo linatosha: mashine za protini zinazosogeza nyukliosomu kwa kutumia ATP ndizo zenye kauli.

Kuhusu kuteleza, wengi huchora kitanzi kikubwa cha DNA kinachosukumwa kutoka upande mmoja mpaka wa pili, kama vile jamvi zito la msikitini linavyosogezwa kwa kusukuma kunjo lake badala ya kubururwa lote. Wazo la msingi ni sahihi, yaani mishiko yote 14 hailazimiki kuachia kwa pamoja, ila kunjo lenyewe ni dogo mno kuliko linavyochorwa. Injini ya mashine hizi huikamata DNA ndani ya nyukliosomu, kiasi cha jozi 20 kutoka katikati yake, na huivuta jozi moja moja. Jozi ya ziada hujibana baina ya mishiko miwili, DNA ikajisokota kidogo ili kuipokea, kisha hupita mshiko unaofuata, na unaofuata tena, mpaka ikatokea upande wa pili.

Mwalimu wa Wete:

Shukran sana. Limebaki moja: ni kitu gani kinachozifanya zisimame kwa umbali ulio sawa?

Biolojia Tunguu:

Inategemea mashine, maalim. Mashine ziitwazo ISWI na Chd1 huhisi urefu wa DNA kiungo, na nyukliosomu husogezwa zaidi kuelekea upande wenye kiungo kirefu mpaka pande mbili zikaribiane. Nyengine, RSC na SWI/SNF, hazina habari na kupanga. Husukuma, na hata kuzing'oa histoni kabisa, na kwa hamira RSC ni miongoni mwa sababu za ule uwazi wa mwanzoni mwa jeni. Tena safu inahitaji pa kuanzia: protini kama Reb1 na Abf1 hushika DNA zikawa kizuizi, nyukliosomu ya kwanza ikasimama karibu nacho na nyengine zikajipanga nyuma yake. Wazo la kizuizi watafiti Kornberg na Stryer walilieleza mwaka 1988.

Wanafunzi wako ningewapa jeli ya hamira waiweke pembeni ya ile ya ini la panya, na kuwauliza kwa nini hatua ya hamira ni jozi 165 hivi ilhali ya panya ni 200, na hali ya kuwa jozi 147 zinazozunguka histoni hazibadiliki.