Ulinganisho: Plymouth 1957, Edsel 1958 au Studebaker 1953, tangazo la nani lililingana na gari lenyewe?

MchoraBodi: Wakuu, naomba maoni. Zote tatu zilinadiwa Marekani kama gari za kesho. Plymouth ilitangazwa kwa maneno "Ghafla, ni 1960!" na mwaka wenyewe ni 1957. Mimi naipa hiyo. Virgil Exner, mkuu wa uchoraji wa Chrysler, kampuni iliyotengeneza Plymouth, aliishusha bodi, akaipa paa jembamba na mapezi marefu nyuma. Ukiiweka kando ya Plymouth za miaka michache nyuma, huamini ni kampuni ileile.

GerejiBubu: Sura sawa mkuu, lakini ilitolewa kwa pupa. Maji na vumbi vilipenya ndani, kutu ikawahi. Mteja hanunui mapezi peke yake.

DadaUsukani: @GerejiBubu makosa ya kiwanda tusimbebeshe Exner. Mwaka ule Chrysler waliondoa springi za koili mbele, wakaweka fito za chuma zinazojipinda, na gari likatulia kwenye kona. Hapo tangazo lilikuwa na haki. Walipotia chumvi ni kudai mapezi yanalinyoosha gari upepo ukipiga ubavuni. Kwa mwendo wa watu wa kawaida, yale ni mapambo.

Kobe_77: Edsel sioni pa kuitetea. Ford waliificha miezi kadhaa, matangazo yakiwatia watu hamu, mpaka Septemba 1957, ilipotoka kama modeli ya 1958. Pazia linafunguliwa, watu wanakuta grili (wavu wa mbele) ya kusimama wima na bei zinazogongana na za Mercury, ndugu yake wa kampuni moja. Halafu vitufe vya gia vikawekwa katikati ya usukani, pale pale mkono wa dereva unapotafuta honi! Novemba 1959 wakaachana nayo.

MzeeWaKupe: Kura yangu Studebaker, sibadilishi. Walisema ni gari la Kimarekani lenye sura ya Ulaya, na ndivyo lilivyo. Robert Bourke wa timu ya mbunifu Raymond Loewy aliichora kupe ile (gari la milango miwili) ikiwa chini, boneti ndefu, kroma kidogo mno. Kilichoniuma ni kiwanda chao cha South Bend: injini ikishawekwa fremu inanesa, mabati ya mbele hayakutani. Na walijipanga kutengeneza sedani nyingi wakati wateja wanalilia kupe.

GerejiBubu: Kama tunatafuta ukweli wa tangazo, ongezeni Ford ya 1956. Walitangaza usalama. Kitovu cha usukani kilizamishwa chini ya duara lake ili kifua kisigonge nguzo ya usukani, na vitasa vikaimarishwa milango isifunguke kwenye ajali. Chevrolet iliwazidi mauzo mwaka ule, ila hawakumdanganya mtu.

MchoraBodi: Hiyo naikubali, ingawa mikanda waliiuza kama nyongeza, na mimi ningeifunga kwenye kila gari. Kwa ukweli naipa Ford. Kwa mchoro, Plymouth haijatikisika.

MzeeWaKupe: Weka picha ya Studebaker ubavuni mwa hiyo Plymouth, kisha urudi hapa.