Mume wangu hawezi giza la Tromsø, nami siwezi kuuacha mji ulionilea: naomba ushauri

Binti wa Tromsøya

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu habari za siku. Ndani ya nyumba yangu kila mmoja ana haki yake, nami sioni namna ya kuzipatanisha haki hizo mbili, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Wazazi wangu ni watu wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Tulipita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na nikiwa bado mtoto mdogo tukapelekwa Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei ulio takriban kilomita 350 ndani ya Mzingo wa Aktiki. Hapa ndipo nilipojifunzia kusoma, hapa ndipo alipozikwa baba yangu, na hapa ndipo ninapofanya kazi ya uuguzi.

Wasioishi hapa hudhani kwamba sisi tunavumilia tu. Mimi sivumilii, ninapapenda. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi, lakini adhuhuri anga la kusini hugeuka rangi ya waridi, na theluji yote huwa buluu kwa muda wa saa chache. Katika saa hizo watu hutoka nje: wazee waliovaa vyuma vya kuzuia kuteleza chini ya viatu, vijana wanaopita na ski chini ya taa karibu na ziwa la Prestvannet, walezi wa chekechea na msururu wa watoto waliovaa vizibao vinavyong'aa. Kwa kuwa milima hulificha jua hata linaporudi juu ya upeo, sisi wa mjini hulisubiri hadi karibu tarehe 21 Januari, na siku hiyo watoto hutolewa nje kulipokea, nayo maduka ya mikate huuza maandazi ya jua. Mpaka leo siku hiyo ikikaribia moyo wangu huenda mbio.

Jirani yetu wa kwanza alikuwa bibi mzaliwa wa Finnmark, eneo la kaskazini kabisa mwa Norwei. Mwaka 1944 jeshi la Ujerumani, likirudi nyuma mbele ya jeshi la Kisovyeti, lilichoma nyumba, mashua na magati katika eneo lote la Finnmark hadi fiodi (mkono wa bahari kati ya milima) ya Lyngen, na watu wapatao 50,000 wakahamishwa kuelekea kusini, wengi wao wakipitia Tromsø. Vita vilipokwisha serikali ilitaka wasubiri kwanza, kwa kuwa hapakuwa na makazi, lakini watu walirudi wenyewe na kuishi katika vibanda na hata chini ya mashua zilizopinduliwa. Bibi huyo alimwelewa mama yangu kabla hawajawa na lugha moja ya kuzungumza. Alimfundisha kupika samaki wa skrei, aina ya chewa wa bahari ya kaskazini, pamoja na ini na mayai yake, chakula cha katikati ya baridi, na mama bado anakipika. Naeleza haya ili mfahamu kwamba mapenzi yangu kwa mji huu hayakutokana na mandhari ya milima peke yake.

Mume wangu ni mtu wa Tanga, na alikuja akiwa mtu mzima. Kila giza linapoingia hapati usingizi, hana hamu ya chakula, na huacha hata kuwapigia simu ndugu zake. Sasa amepata kazi Kristiansand, kusini kabisa mwa nchi, ambako hata Desemba jua huonekana kwa zaidi ya saa sita, na anatakiwa kujibu kabla ya Pasaka. Tuna mtoto mmoja ambaye hajaanza shule. Je, nina haki ya kumwomba mume wangu abaki kwa ajili ya mji? Na waliowahi kuishi na mwenzi wa namna hii walifanya nini kikasaidia?

Mzee Kagera

Marahaba, binti yangu. Mimi niko Dar es Salaam na theluji sijawahi kuikanyaga, kwa hiyo nitasema juu ya ndoa tu. Mahali alipozikwa mzazi ni kwenu, na mtu asikuone mtoto kwa kulisema hilo. Hata hivyo, mumeo hakusema kwamba mji wako haufai. Amesema kwamba mwili wake umeshindwa, na hayo ni mambo mawili tofauti. Wasiwasi wangu ni kwamba kila anapolalamikia giza wewe unasikia anamlalamikia baba yako na yule bibi wa Finnmark, kisha unaanza kuutetea mji badala ya kumsikiliza mgonjwa. Mwite shangazi au mtu mzima wa upande wake, mzungumze mkiwa watatu.

Mama Minneapolis

Dada, pole na hongera. Pole kwa mgogoro, hongera kwa kuwa na mji unaoupenda hivyo, kwa sababu wengi wetu huku ughaibuni tunaishi mahali bila kuwa wa mahali.

Tenganisha baridi na giza. Tromsø, kwa sababu ya mkondo wa maji ya joto unaotoka Atlantiki, Januari yake huwa kwa wastani nyuzi tatu au nne tu chini ya sifuri, na bandari haigandi. Huku kwetu Minneapolis wastani wa Januari ni karibu nyuzi tisa chini ya sifuri, na kuna asubuhi ambazo hewa huumiza kifua. Lakini sisi tuna mwanga wa karibu saa tisa hata katika siku fupi kuliko zote, na theluji ikishaanguka jua huifanya ing'ae. Nimeona watu wa pwani waliozoea baridi yetu vizuri kabisa. Ikiwa adui wa shemeji ni giza peke yake, basi koti jipya na nguo za sufu hazitamfaa kitu, na huenda Kristiansand ikamfaa kweli. Muulize pia kuhusu Juni na Julai, jua linapokaa angani usiku kucha. Je, wakati huo analala?

Mpwani wa Luleå

Dada yangu, mimi ndiye mumeo, ila natoka Mombasa na ninaishi Luleå, kaskazini mwa Uswidi, kusini kidogo tu ya Mzingo wa Aktiki. Mke wangu amezaliwa hapa. Desemba jua letu huonekana kwa takriban saa tatu, likiwa chini sana.

Nilinunua taa ya tiba ya mwanga, nikawa nakaa mbele yake kila asubuhi, na daktari alipopima damu akanipa vitamini D. Vilisaidia kiasi. Kilichonibadilisha zaidi ni kwamba nilipata jambo la kufanya nje ambalo lilikuwa langu, si la mke wangu. Hapa bahari ikiganda, mji husafisha njia pana juu ya barafu kuzunguka katikati ya mji, na watu hutembea, huteleza na kusukuma vigari vya watoto humo. Nilianza kwenda saa sita mchana pamoja na wazee wawili wastaafu, na ni wao walionifundisha lugha ya mtaani, kwa sababu ile ya darasani haikutosha. Naamini huko kwenu ni hivyohivyo: shemeji amefundishwa Kinorwei cha vitabuni, kisha kazini watu wanaongea lahaja ya kaskazini, na mtu asiyesikia vizuri wanachosema wenzake hubaki gizani hata mwezi wa sita.

Nakwambia ukweli mwingine. Sijaupenda mji huu kama anavyoupenda mke wangu, na sitaupenda hivyo. Niliweza kukaa tangu siku alipoacha kunitaka niupende. Aliacha kunionyesha miale ya kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, kila ilipotokea na kuningoja niseme kwamba ni nzuri. Na kila mwaka tunaenda Mombasa Desemba badala ya Julai, hata kama nauli ni kubwa, kwa sababu Julai ya huku haina haja ya kukimbiwa.

Muuguzi Mwenzako

Dada, wewe ni mhudumu wa afya na unayajua haya, ila wa nyumbani ni mgumu kumtazama kwa jicho la kazi. Kukosa usingizi, kupoteza hamu ya chakula na kujitenga na ndugu, tena kila mwaka majira yaleyale, si ukiwa tu wa mtu aliye mbali na kwao. Aende kwa daktari wake kabla hamjaamua lolote kuhusu Kristiansand, kwa sababu uamuzi mkubwa haufai kufanywa na mtu aliye katikati ya sonona. Pia muulize mwajiri wako kama unaweza kupewa likizo isiyo na malipo ya mwaka mmoja, ili mkihama usiwe umefunga mlango.

Binti wa Tromsøya

Nawashukuru sana nyote. Mama Minneapolis, Juni analala vizuri, tena huvua samaki hadi saa sita usiku akiwa na mtoto, na ndiye anayegoma kurudi ndani. Kwa hiyo ni giza, si mji mzima, na hilo sikuwahi kuliweka wazi hivyo.

Kaka wa Luleå, nilimsomea mume wangu maneno yako juu ya kuacha kutakiwa kuupenda mji, na alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniomba nimsomee tena. Tumekubaliana aende kwa daktari wiki ijayo, nami nimeandika barua ya kuomba likizo ya mwaka mmoja. Kazi ya Kristiansand hatujaikataa. Amesema kwamba tukienda, anataka mtoto arudishwe Tromsø kila Januari alipokee jua pamoja na mama yangu, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemleta.