Tupeane uzoefu: mashine ya kuchomelea kwa waya kwa gereji ya nyumbani

Mwanzisha mada, Morogoro

Salamu kwenu nyote. Ninakusudia kununua mashine ya kuchomelea inayosukuma waya yenyewe, ile ambayo mafundi wengi huiita MIG, kwa ajili ya kibanda changu cha kazi nyuma ya nyumba. Kabla sijatoa fedha, ninamwomba kila aliyewahi kuitumia aeleze yaliyomkuta. Nianze na yangu, kwa sababu hii itakuwa mashine ya pili. Ya kwanza niliiuza kwa hasara.

Ile ya kwanza niliichagua kwa kutazama namba kubwa iliyoandikwa ubavuni, 250, nikiamini kwamba mwenye ampea nyingi hakosi kitu. Niliichomeka kwenye soketi ya ukutani nikaanza kuunga geti la bomba za mraba. Mishono mitatu ya kwanza ilikwenda vizuri, lakini nilipopandisha moto kwa ajili ya bawaba nene, breka ilikata, na mke wangu akaniita kutoka jikoni kuniambia kwamba friji imezima. Nilirudia mara nne siku hiyo, na mara zote mambo yakawa yale yale.

Hesabu nilikuja kuipiga baadaye, na ningeipiga kabla ya kununua ningeokoa fedha nyingi. Soketi ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 hutoa takriban wati 3,000 tu, ilhali mashine ya waya inapotoa ampea 200 huwa kwenye volti 24 hivi, yaani wati 4,800 kwenye tochi (ule mkono unaoushika wakati wa kuchomelea, ambao waya hutokea), kabla hujahesabu kinachopotea kwa joto ndani ya mashine yenyewe. Ukishuka hadi ampea 100, volti nazo hushuka hadi 19 hivi, na kinachohitajika ni wati 1,900, mzigo ambao soketi inauweza. Bomba la unene wa milimita 1.5, ambalo ndilo ninalolichomelea zaidi, halihitaji hata ampea 80. Nililipia nguvu ambayo nyumba yangu haikuweza kuilisha na ambayo kazi yangu haikuihitaji.

Mchangiaji, Tanga

Ndugu yangu, mimi nakushauri utazame pia ampea za chini kabisa, jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi. Ninatengeneza bodi za magari ya zamani, na bati la mlango lina unene wa milimita 0.8 au pungufu ya hapo. Kwa miaka mingi nilitumia mashine ya vijiti, ambayo huchomelea kwa fimbo fupi za chuma badala ya waya, na kijiti cha milimita 2.5 kikigusa bati la namna hiyo, kabla hujakiinua tayari umeshatoboa tundu la kupitisha kidole, kisha unaanza kuziba tundu kwa tundu. Mashine niliyo nayo sasa inashuka hadi ampea 30 na inakubali waya wa milimita 0.6. Ninapiga nukta moja, ninahamia mwisho mwingine wa kiraka, ninapiga nyingine, na kurudi pale pa kwanza pakiwa pameshapoa, ili bati lisijikunje kwa joto.

Kuhusu gesi, ile inayotoka kwenye tochi kuukinga mshono na hewa, nilianza na kaboni dayoksaidi tupu kwa sababu ni ya bei nafuu, na kwa mabomba na vyuma vinene sina malalamiko nayo. Kwenye bati jembamba, hata hivyo, mchanganyiko wa agoni na kaboni dayoksaidi hutulia zaidi na hupunguza zile chembe za moto zinazorukia pembeni na kuganda. Lakini gesi ina adui mmoja huku pwani, nao ni upepo. Alasiri moja nilichomelea fremu nje ya banda, mlango ukiwa wazi kuelekea baharini, na nilipoupitishia mshono grenda nilikuta umejaa vitundu ndani kama kipande cha mkate. Nilikata kazi yote nikaanza upya. Tangu siku hiyo huwa natundika turubai kwanza.

Mchangiaji, Nakuru

Kwa sababu hiyo hiyo ya upepo, mimi nilichagua waya wenye unga ndani, usiohitaji mtungi wa gesi. Kazi zangu nyingi ni za shambani: malango, vizimba na trela, na sikutaka kubeba mtungi kila mahali. Unga ule ukiungua hutoa moshi unaoukinga mshono na kuacha gamba juu yake, ambalo ni lazima uligonge na kulisugua kwa brashi ya chuma.

Siku mbili za kwanza nilidhani nimeuziwa mashine mbovu. Moto ulikuwa ukirukaruka, chembe zilitapakaa hadi kwenye viatu, na mshono ulikaa juu ya chuma bila kuingia. Hatimaye nilifungua mlango wa pembeni, pale koili ya waya inapokaa, nikaona nyaya mbili fupi zilizofungwa kwa nati, moja kwenye alama ya chanya na nyingine kwenye hasi. Mashine ilikuwa imetoka dukani ikiwa imefungwa kwa ajili ya gesi, yaani tochi kwenye chanya, ilhali waya wangu ulitaka tochi iwe kwenye hasi. Nilizibadilisha kwa spana, na papo hapo sauti ikawa laini, kama mafuta yanayokaangia polepole. Kwa hiyo hakikisha kwamba mashine unayoinunua inaruhusu kubadilisha nyaya hizo, maana zipo ambazo hazikupi nafasi hiyo.

Tena, usikaze mno ile rola inayosukuma waya. Waya wa unga ni laini kwa kuwa ndani una uwazi. Ukiubana hubonyea, hukwama ndani ya tochi, na huku nyuma hujisokota kama uzi wa cherehani.

Mchangiaji, Maskati

Niongeze jambo moja fupi. Kwenye kibandiko cha nyuma kuna asilimia inayopimwa kwa kipindi cha dakika 10: ikiandikwa asilimia 20 kwa ampea 200, maana yake unachoma dakika mbili na kuiacha mashine ipumue dakika nane. Ukishusha ampea, muda wa kuchoma huongezeka. Kipimo hicho huchukuliwa kwenye joto la nyuzi 40, na huku kwetu wakati wa kiangazi gereji huzidi hapo, kwa hiyo mashine hujizima mapema kuliko kibandiko kinavyosema.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Tochi, ndugu zangu. Mashine yangu ilikuja na tochi iliyounganishwa moja kwa moja, isiyochomoka. Ncha ya shaba ilipolika, nilizunguka Kariakoo tangu asubuhi hadi adhuhuri bila kupata yenye uzi kama wa ile, na muuzaji wangu wa awali akanijibu kwamba vipuri haviletwi. Mashine nzima ilikaa chini miezi miwili kwa kipuri kinachoenea kwenye ncha ya kidole. Chukua yenye kiunganishi cha Euro, ambacho tochi yake huchomoka na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi.

Mwanzisha mada, Morogoro

Nimewasoma kwa makini, na nawashukuru kwa dhati. Nimebadili nia: sitatafuta tena mashine ya 250. Nataka ya ampea 160 hivi, inayokubali gesi na waya wa unga, yenye tochi ya kuchomoka, na nitamwita fundi umeme anivutie waya wa milimita za mraba 4 wenye breka yake pekee hadi kibandani. Jumamosi nitakwenda dukani na vipande viwili vya bomba la milimita 1.5 na kipande cha bati la mlango, nitaomba nivichomelee mwenyewe pale pale, kisha nitavipinda kwenye jiriwa nione kama mshono utaachia.