Msaada: gemu yetu ya kuchapa wanaimaliza, hadithi hawaikumbuki

Karani_wa_Usiku
Wakuu, habari zenu. Mimi na rafiki yangu tumejipanga kuingia Ludum Dare, yale mashindano ya mtandaoni ya kutengeneza gemu kwa siku chache kwa mada moja, upande wa Jam wa saa 72, maana ule wa saa 48 kila mtu anafanya peke yake na mimi kuchora siwezi kabisa. Mada haijatangazwa, kwa hiyo hii ni gemu ya mazoezi: wewe ni karani, watu wasiojua kuandika wanakuja unawaandikia barua. Mama mmoja anamwandikia mwanawe aliyeondoka bila kuaga. Anachosema, unakichapa.

Nimewapa watu watatu waijaribu. Wote wamemaliza, mmoja anachapa kama mvua ya mawe. Nikawauliza, huyo mama alitaka nini? Kimya. Mmoja akanijibu, "Kwani kulikuwa na mama?" Nikaongeza saa ya kuhesabu kurudi nyuma ili wawe makini, ndiyo kwanza nikaharibu. Nifanyeje?

Mzee_wa_Herufi
Toa hiyo saa. Anayekimbizana na muda macho yake yako kwenye herufi zinazofuata, maana ya sentensi hana habari nayo. Halafu usimchapishe kila kitu. Cheza Epistory ya 2016: msimulizi anasimulia kwa sauti, wewe unachapa maneno ya kupigana na kufungua njia.

Dole_Gumba
Napinga kidogo, mzee wangu. The Typing of the Dead ya Sega, 1999, utamu wake wote ni haraka: zombi huyo anakuja, neno hili hapa, chapa au ufe. Weka saa pale tu hadithi yenyewe ina haraka, mfano mpeleka barua amesimama mlangoni.

Karani_wa_Usiku
Saa nimetoa. Sasa imepoa, imekuwa kama mtihani wa uhazili.

Fundi_Kimya
Kwa sababu kuchapa kwako hakubadilishi kitu. Tumia kitufe cha kufuta. Mama aseme, "Mwambie kwamba baba yake alilia." Mchezaji achape. Mama anyamaze kidogo, kisha aseme, "Hapana, hilo futa." Afute herufi moja moja kwa mkono wake, usimfutie wewe. Hiyo sentensi hataisahau. Ukitaka kumpa uamuzi baadaye, majibu mawili yaanze kwa herufi tofauti. Ya kwanza atakayobonyeza ndiyo chaguo lake, huhitaji menyu.

Dole_Gumba
Hiyo ya kufuta naiiba. Mkiipeleka kwenye kivinjari, zuieni kazi za kawaida za vitufe: kitufe cha nafasi kinashusha ukurasa, na kwenye Firefox mkwaju (/) na ritifaa (') vinafungua kisanduku cha kutafuta. Someni herufi iliyotoka, si mahali kitufe kilipo. Kwenye kibodi za Kifaransa A inakaa penye Q yetu. Na ritifaa ziwe zilizonyooka. Niliwahi kunakili hadithi kutoka programu ya kuandikia, zikaja zilizopinda; kila aliyefika kwenye "ng'ambo" akakwama hapo hapo, na mimi siku nzima natafuta kosa kwenye msimbo.

Karani_wa_Usiku
Nimeijaribu kwa mtu mpya. Alipoambiwa afute, akatoa mikono kwenye kibodi akaniuliza, "Lazima?" Sasa Fundi, akigoma kufuta, gemu imsubiri hadi lini?

Fundi_Kimya
Sekunde ishirini hivi. Kisha mama aseme, "Basi, liache."