Fazi lojiki kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga

kuku_na_waya: Wakuu, mashine ni ya mayai 60: balbu mbili za wati 60 (zile za nyuzi, LED haitoi joto la maana), rilei ya SSR (swichi ya kielektroniki ya kuwasha balbu), Arduino Uno (kibodi kidogo cha kompyuta) na sensa ya joto ya DS18B20. Programu inawasha chini ya 37.3 na kuzima juu ya 37.7, ila joto linapitiliza hadi 38.4 ndipo lirudi mpaka 36.9. Naambiwa fazi lojiki inatuliza hali hii. Inafanyaje kazi, na inataka chipu maalumu?

solda_moto: Chipu maalumu ya nini, mkuu? Uno inatosha na inabaki. Joto linapitiliza kwa sababu balbu ikizimwa bado ina moto, na sensa nayo inachelewa kuusikia.

Mwanasayansi Lotfi Zadeh alitoa wazo la fazi lojiki mwaka 1965: kitu si lazima kiwe "baridi" au "si baridi", kinaweza kuwa baridi kwa 0.4. Toa joto la sasa kwenye 37.5, upate pengo. Pengo likiwa 0, "sawa" ni 1. Likifika nyuzi 1, "sawa" ni 0 na "baridi" ni 1. Upande wa pili vivyo hivyo, ila huko ni "moto". Kanuni: baridi, balbu 100%; sawa, 40%; moto, 0.

Sensa ikisoma 37.1, pengo ni 0.4, kwa hiyo baridi 0.4 na sawa 0.6. Piga: (0.4×100 + 0.6×40) ÷ 1 = 64%. Kwenye mzunguko wa sekunde 2, SSR inawaka sekunde 1.28.

wimbi_mraba: Hapo ni nusu ya kazi. Ongeza kipimo cha pili: joto linapanda kwa kasi gani. Usipime kila sekunde, maana DS18B20 inaruka kwa hatua za 0.0625 na utakuwa unapima kelele. Linganisha na usomaji wa sekunde 30 nyuma. Tuseme kupanda 0.25 ni "inapanda" kamili. Ikipanda 0.125, basi tulivu 0.5 na inapanda 0.5. Neno "na" kwenye kanuni maana yake chukua namba ndogo:

baridi na tulivu: 0.4, balbu 100
baridi na inapanda: 0.4, balbu 40
sawa na tulivu: 0.5, balbu 40
sawa na inapanda: 0.5, balbu 0

Zidisha kila uzito kwa balbu yake, jumla 76, gawa kwa jumla ya uzito: 76 ÷ 1.8 = 42%. Joto ni lilelile 37.1, lakini balbu imeshapunguzwa kabla ya kufika. Angalia pia pembetatu zako (michoro ya "baridi", "sawa" na "moto" inavyopanda na kushuka) zipishane. Ukiacha mwanya kati yake, uzito wote ni 0, unagawa kwa sifuri na SSR inapokea takataka.

kuku_na_waya: Limetulia, ila limeganda 37.25. Kwa nini halifiki 37.5?

solda_moto: Boksi lako linataka kama 55% kushikilia joto, wewe umeipa "sawa" 40%. Hizo 15 zinazopungua zinapatikana tu pengo likiwa 0.25. Badili 40 iwe 55.

mita_ya_mkono: Tusidanganyane, kwa pembetatu hizi na kipimo kimoja, hesabu yote upande wa baridi ni 40 + 60 × pengo. Mstari mnyoofu tu, PID ya kawaida (njia ya kawaida ya kudhibiti kwa kupima kosa) ingefanya vilevile. Fazi inalipa pale fundi anajua kanuni lakini mlinganyo hana: mashine ya kufulia inayopima uchafu wa maji na uzito wa nguo, au treni ya chini ya ardhi ya Sendai, Japani, iliyoanza 1987 ikiendeshwa na kusimamishwa kwa fazi. Hata mhandisi Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa Tanzania, alianza kutumia fazi kwenye injini ya mvuke kule London miaka ya 1970.

Halafu jambo ambalo hakuna aliyeligusa: waya wa sensa ukikatika, maktaba ya DallasTemperature (kodi tayari ya kusoma sensa hii) inarudisha −127. Fazi yako itaona "baridi" 1 na kuchemsha mayai. Kabla ya hesabu yoyote, usomaji ukiwa nje ya 10 hadi 45, zima SSR na piga king'ora. Ukichuja hivyo, ile 85 ambayo sensa hutoa wakati wa kuwasha, kabla haijapima, nayo inanaswa. Na rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya data na volti 5 usiisahau.